Kiti cha Makucha

Kosa langu la kwanza katika nyumba ile lilikuwa kusifia kiti.

Nilikuwa na wiki mbili kazini. Kazi yenyewe ni kuhudumia wazee majumbani mwao: unafika asubuhi, unamwamsha mzee, unamsaidia kuoga, unampa dawa na uji, unaandika kwenye faili linalokaa jikoni, unaingia garini unakwenda kwa mwingine. Wazee wangu walitawanyika kwenye mashamba ya Cork Magharibi, kusini mwa Ireland, kati ya miji midogo ya Macroom na Dunmanway. Barabara za huko ni nyembamba hadi zinaota nyasi katikati, na ukikutana na trekta mmoja wenu itabidi arudi kinyumenyume mpaka kwenye geti la shamba la mtu. Mimi ni mtoto wa Songea, milima naijua na mvua naijua. Ila mvua ya kule hainyeshi, inakaa tu hewani kama mtu aliyesahau alichofuata.

Mzee huyu alikuwa na miaka 83, hakuwahi kuoa, na aliishi peke yake na mbwa asiyesikia. Jikoni kwake palikuwa na jiko la chuma linalowaka usiku na mchana, meza, benchi refu la mbao, na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu yenye kitaa chekundu chini yake. Kwenye kona, chini ya rundo la magazeti, palikuwa na kiti. Vitu vyote vya jikoni mle vilikuwa vya mkulima, isipokuwa hicho. Mbao nyeusi inayong'aa, mikono iliyopinda vizuri, na miguu ya mbele iliishia kwa makucha ya mnyama yaliyoshika tufe. Nikaondoa magazeti nifute vumbi, nikasema kwa ile sauti ya kumfurahisha mwenye nyumba, "Mzee, kiti hiki kizuri kweli! Kimetoka wapi?"

Akageuka akatazama dirishani. "Mvua itakata kabla ya saa sita mchana," akasema.

Siku tatu zilizofuata nilijibiwa ndiyo na hapana. Siku ya nne nikakuta magazeti yamerudi juu ya kiti, yote, yamepangwa vizuri. Mtu anayetembea kwa kushikilia fremu ya chuma aliyarudishaje, mpaka leo sijui.

Tulipatana kwa sababu ya neno. Nilishindwa kumwita kwa jina lake la kwanza kama wafanyavyo wenzangu wote, mdomo ulikataa, nikawa namwita Mzee. Akauliza maana yake. Nikamwambia kwetu ni heshima, ni mtu ambaye akiongea wengine wanasubiri amalize. Akaifikiria ile maana kwa muda, halafu akasema kwamba katika maisha yake yote hakuna aliyesubiri amalize, hata ng'ombe. Naye akaanza kuniita "girl", ambalo watu wa Cork humwita mwanamke yeyote, hata bibi wa miaka sabini, na mimi nikaacha kulihesabu kuwa ni dharau.

Tangu hapo akawa anasimulia.

Ukikaa parokia zile lazima ufundishwe historia, utake usitake, kwa sababu imesimama kando ya barabara. Misalaba ya mawe yenye majina na tarehe ipo kwenye njia panda, kwenye kona, penye daraja. Mkubwa kuliko yote kwa upande wetu ni wa Kilmichael. Pale, tarehe 28 Novemba 1920, wapiganaji wa IRA, jeshi la siri la Waireland waliotaka uhuru kutoka kwa Waingereza, wakiongozwa na Tom Barry, kijana wa miaka 23 aliyekuwa amepigana Mesopotamia kwenye jeshi la Waingereza haohao, walivizia malori mawili kutoka Macroom. Ndani yake walikuwa Auxiliaries, kikosi cha maofisa wastaafu wa jeshi walioletwa kuwatia watu adabu. Walikufa 17 wa upande ule na watatu wa upande wa Barry. Kama Auxiliaries walijifanya kusalimu amri kisha wakafyatua tena, au kama waliuawa wakiwa wamekwishasalimu kweli, wanahistoria wamebishana kwa miaka na miaka. Nilimuuliza Mzee. Akasema mtu wa Macroom atakujibu na mtu wa Dublin atakujibu, wa hapa atakupa chai.

Kwa watu wa kawaida kilichofuata ndicho kilichokuwa kikubwa zaidi ya vita vyenyewe. Nyumba, maduka na mabanda ya nyasi kavu karibu na pale palipoviziwa vikachomwa. Tarehe 10 Desemba sheria ya kijeshi ikatangazwa Cork na mikoa mitatu ya jirani. Usiku wa kuamkia tarehe 12 moto ukawashwa katikati ya jiji la Cork, ukateketeza maduka zaidi ya 40, Ukumbi wa Jiji na maktaba. Siku tatu baadaye padri mzee wa Dunmanway, Canon Magner, akapigwa risasi na Auxiliary barabarani, yeye na kijana mmoja, mahali ambapo gari la hakimu lilikuwa limeharibika. Watu wa pale hawatofautishi Auxiliary na Black and Tan, yaani wale walioajiriwa kutoka Uingereza kuongezea nguvu polisi. Wote ni "the Tans", na wakilitamka jina hilo mdomo unabana kidogo, kama mtu aliyeuma ndimu.

Kabla ya hapo askari walikuwa wakichoma kwa hasira, usiku, wamelewa, na serikali ikisema haijui. Januari 1921 mambo yakawekwa kwenye karatasi. Nyumba za kwanza kuchomwa kwa amri rasmi ya jeshi zilikuwa Midleton, mashariki mwa Cork, baada ya polisi kuviziwa mjini hapo. Wenye nyumba wakaambiwa walipaswa kujua na kutoa taarifa. Wakapewa saa moja kutoa vitu vya thamani. Fanicha hairuhusiwi.

Hayo ya fanicha niliyasikia kwanza kwa Mzee, nikadhani ametia chumvi. Baadaye nikaja kuyasoma, yameandikwa hivyohivyo.

Nyumba ya bibi yake ilichomwa masika ya mwaka huo, baada ya lori kushambuliwa kwenye daraja la chini ya shamba lao. Bibi huyo alifariki mwaka 1955, Mzee akiwa kijana wa miaka 19, kwa hiyo alivyonisimulia ndivyo alivyosikia mwenyewe, jioni baada ya jioni, mbele ya moto. Nimeisikia hadithi hii labda mara thelathini. Ofisa alisimama mlangoni na saa mkononi. Babu hakuwepo, alikuwa kiwanda cha maziwa. Bibi, na mtoto mgongoni (hapa nilimkatiza, kumbe na wao walibeba mgongoni? akasema ndiyo, kwa shali), akatoa picha ya Moyo Mtakatifu, akatoa godoro la manyoya ya bata bukini, akatoa pesa za siagi zilizofichwa ndani ya birika bovu. Akajaribu kutoa stuli ya kukamulia ng'ombe. Askari akamnyang'anya akairudisha ndani. Stuli ni fanicha.

Halafu akaingia mara ya mwisho, akainama chini ya kabati la vyombo, akatoka na kikapu. Ndani ya kikapu, kuku anayeatamia.

Askari mwingine, kijana asiye hata na ndevu, akauliza ni nini hicho. Bibi akamwambia, "Kuku si fanicha." Yule kijana akacheka, akamshikia mlango apite.

Mayai yalikuwa 11. Waliyaanguliza ndani ya zizi la ng'ombe, ambamo familia nzima ilihamia mpaka majira ya baridi. Siku nyingine Mzee alisema vilitoka vifaranga tisa, siku nyingine kumi. Hesabu ya vifaranga ilikuwa inabadilika, lakini kucheka kwa yule askari hakukubadilika hata mara moja, na nadhani ndicho kilichomsumbua zaidi. Angekuwa anatukana ingekuwa rahisi kumweka mahali pake.

Nyumba ya sasa ilijengwa juu ya ile ya zamani. Kizingiti cha mlango wa nyuma ni jiwe la meko ya bibi, limepasuka kutoka pembe hadi pembe kwa joto la siku ile. Nililifua kwa brashi asubuhi nyingi kabla ya kuambiwa ni nini. Ule ufa unashika uchafu, huutoi.

Sasa nikafanya kosa la pili, ingawa nilidhani natenda wema. Siku moja, baada ya hadithi ya kuku, nikamwambia hata kwetu Songea mambo haya tunayajua. Nikamsimulia Vita ya Maji Maji, 1905 mpaka 1907, Wajerumani walivyochoma vijiji na maghala ya chakula Ungoni na Umatumbi, njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Nikamwambia kuhusu tarehe 27 Februari 1906, machifu na wapiganaji wa Kingoni walivyonyongwa Songea, na kwamba kila mwaka tunawakumbuka siku hiyo. Nilisimulia vizuri, nikijisikia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, kama nilivyomfundisha. Kisha akauliza:

"Na nani aliyewaonyesha Wajerumani njia?"

Swali dogo tu. Lakini mimi nilimwona bibi yangu mzaa mama, kwenye kigoda chake, akipepeta mchele. Bibi aliwataja Wajerumani kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Ila jeshi lile lilikuwa na Wajerumani wachache mno. Waliochoma wengi walikuwa askari weusi, na kulikuwa na watu wa kuwaongoza wanaojua ghala la nani liko wapi. Nikiwa darasa la sita nilimuuliza bibi swali lilelile la Mzee. Akaacha kupepeta. Akaniambia, "Wewe, kalale." Ilikuwa saa tisa mchana. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwepo watu ambao sisi tulisalimiana nao vizuri sana, tena sana, lakini hatukuwahi kula kwao.

"Mzee," nikasema, "chai inapoa."

Akanitazama. Halafu akacheka polepole mpaka akaanza kukohoa ikabidi nimpige mgongoni. Tangu siku ile hakuniona mgeni tena, na mimi nikaacha kuuliza "nani". Niliuliza juu ya vitu. Ukimuuliza mtu wa kule nani alifanya nini, atakuambia habari za hali ya hewa. Muulize birika lilikuwa la rangi gani, mtakesha.

Januari 2020 tulikuwa tunasikiliza redio. Serikali ilikuwa imepanga kumbukumbu ya kuwaenzi polisi wa enzi za Waingereza, wale waliokuwepo kabla ya uhuru, na nchi nzima ikalipuka kwa hasira, maana Black and Tans waliajiriwa ndani ya jeshi hilohilo la polisi. Ndani ya siku chache shughuli ikaahirishwa, na wimbo mmoja wa kuwazomea Tans ukapanda mpaka namba moja kwenye mauzo ya mtandaoni. Wateja wangu wengine wiki ile walikuwa wamechangamka kama vijana. Mzee alinyoosha mkono akazima redio. Nikajua pana kitu. Nikamuuliza kama sare za polisi zilikuwa nyeusi kweli, au ni jina tu. Akasema kijani kibichi kilichoiva hadi kikawa cheusi, vifungo vya chuma cheusi, na kaka wa bibi yake alikuwa akivisugua kila Jumamosi. Kwa nini asiwe polisi? Ilikuwa kazi, ina pensheni. Kabla ya 1920 wengi wao walikuwa Wakatoliki wa Ireland, watoto wa wakulima. Black and Tans walipoletwa huyo kaka mtu aliacha kazi, akapanda meli kwenda Marekani, wala hakuandika barua. Nyumba ya dada yake ilipochomwa na watu wa sare yake ya zamani, hakujua, au alijua. Ndiyo maana redio ilizimwa.

Ilipokuja korona, usiku nilikuwa sina pa kwenda. Nikaanza kusoma. Serikali ya Ireland ilikusanya ushuhuda wa waliopigana kati ya 1947 na 1957, jumla ya taarifa 1,773, kisha ikazifungia mpaka 2003, ili kila mhusika awe amekufa. Sasa ziko wazi kwenye intaneti, bure. Nilizisoma za eneo letu nikiwa kitandani na simu, nikikutana na majina ya ukoo ya wateja wangu, ya mwenye duka, ya mtu aliyenitengenezea breki. Waliosema, walisema kama watu wanaotoa ripoti ya kazi: tulikata barabara, tulichukua bunduki, tulichoma kituo. Pale palipohitaji jina la jirani, wengi waliandika "mtu mmoja".

Ziko pia daftari za watoto wa shule, za 1937 mpaka 1939. Shule kama 5,000 ziliambiwa watoto wakawaulize wazee nyumbani na kuandika hadithi za mahali pao. Nilitegemea kukuta moto kila ukurasa, ilikuwa miaka 16 tu imepita. Nilizofungua mimi zilikuwa na hazina zilizozikwa, dawa ya chunjua, mizimu ya kwenye madaraja, njaa kuu ya viazi, na Cromwell, jemadari Mwingereza aliyeivamia Ireland, ambaye alikufa mwaka 1658. Cromwell hana wajukuu pale kijijini, anasemeka.

Na ni kwenye kusoma huko ndipo nilipokutana na ile mioto mingine.

Kwa sababu moto ulikwenda pande zote mbili. Mwaka 1921 wapiganaji wa Cork Magharibi waliamua kwamba nyumba ya mkulima ikichomwa, itachomwa na nyumba ya mtu wa upande wa Mfalme. Hizo wenyeji wanaziita Big House, nyumba kubwa za mabwana wa ardhi, karibu wote Waprotestanti. Tarehe 21 Juni walichoma Castle Bernard, karibu na Bandon, wakamchukua mateka mwenyewe, Lord Bandon, mzee wa miaka sabini, wakamwachia baada ya mapatano ya Julai ya kusimamisha vita. Wanasimulia kwamba mkewe alisimama uwanjani akaimba wimbo wa Mfalme huku nyumba inaungua. Magofu yapo bado, jirani na uwanja wa gofu. Waingereza walipoondoka Waireland wakageukiana wenyewe, na katika vita vile vya ndugu vya 1922 na 1923 nyumba kubwa zilizoungua zilikuwa nyingi zaidi kuliko zile za wakati wa kupigana na Mwingereza. Na kabla vita hivyo havijaanza, ndani ya siku tatu za mwisho wa Aprili 1922, wanaume 13 Waprotestanti waliuawa Dunmanway na maeneo ya jirani, wengi usiku, milangoni mwao. Niliwahudumia wazee wa eneo lile kwa miaka minne, nikaonyeshwa kila jiwe la Kilmichael. Hizo siku tatu za Aprili nilizijua kwa kusoma.

Nusu maili kutoka kwa Mzee kulikuwa na nguzo mbili za geti katikati ya malisho, hakuna geti, hakuna nyumba, miti mikubwa tu imepangwa mistari miwili kuelekea mahali pasipo na kitu. Nilipita pale kila siku. Sikuwahi kuuliza.

Alinisimulia mwenyewe, majira ya baridi ya 2020, wakati hata mpwa wake hakuruhusiwa kumtembelea na mimi ndiye mtu pekee aliyemwona. Alikuwa ameniomba nimletee kopo la biskuti lililo juu ya kabati. Ndani yake mlikuwa na nakala ya madai ya fidia ambayo babu yake aliyaandika baada ya vita, pale serikali mbili, ya Uingereza na ya Ireland, zilipounda tume ya kulipa walioharibiwa mali. Mwandiko mzuri wa shule, wino umekuwa rangi ya kahawia. Akanisomea kwa sauti: mashine ya kusukia siagi, moja. Vitanda, vitatu. Kabati la vyombo, moja. Sahani, dazeni mbili. Stuli ya kukamulia, moja. Viti vya mbao, sita.

Akarudia, "Viti sita." Akanyoosha kidole kwenye kona, kwenye magazeti.

Nyumba ile kubwa iliwaka usiku, na alfajiri watu wakaja na mikokoteni. Wenyewe walikuwa wamesimama kwenye nyasi na watoto wao na masanduku mawili. Hawakuwa watu wabaya, alisema, walikuwa wakimpa bibi yake tufaha. Hakuna aliyewagusa. Kila mtu alipita pembeni yao akiinamisha kofia kwa heshima, akaenda kuchukua kilichosalimika upande wa jikoni. Mmoja alichukua kengele. Mmoja alichukua bafu zima la chuma, likanywesha ng'ombe mpaka miaka ya themanini. Babu yake akarudi na kiti kichwani.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni pa zizi, bado wanaishi zizini. Akamuuliza mumewe, "Mimi nilinyimwa hata stuli. Wewe unaniletea kiti cha nani?"

Babu akajibu, "Tumepoteza sita, tumepata kimoja."

Kiti hakikuingia. Kilikaa bandani na majembe kwa miaka 34, kimefunikwa magunia. Bibi alipokufa, baba yake Mzee akakiingiza jikoni usiku wa siku ya mazishi, bila kusema neno. Kikawekwa kwenye kona. Kikawekewa magazeti.

"Umewahi kukikalia?" nikauliza.

"Kinaumiza mgongo," akasema. Sijui angejuaje.

Nani alibeba mafuta ya taa usiku ule, hakusema, na mimi sikuuliza. Nikarudisha karatasi kwenye kopo, nikaandika kwenye faili kwamba mteja amekula vizuri na amekuwa mchangamfu.

Alifariki Machi 2022. Kule maiti bado hulala nyumbani usiku mmoja kabla ya kanisa, na parokia nzima hupita. Mpwa wake aliniomba nisaidie chai kwa kuwa najua vikombe viko wapi. Walileta viti vya plastiki kutoka ukumbi wa parokia, vikapangwa kuzunguka kuta za jikoni. Ili kupata nafasi mtu alikuwa ameondoa magazeti kwenye kona, na kiti kikabaki wazi, makucha yake nje. Watu waliingia, wakashikana mikono na wafiwa, wakasema pole kwa namna yao, "sorry for your trouble", wakatafuta pa kukaa. Nyumba ilijaa mpaka watu wakasimama kwenye kizingiti kilichopasuka. Kile kiti hakikukaliwa. Hakuna aliyekitazama, na nilivyozoea mambo ya pale nilijua maana ya watu arobaini kutotazama kitu kimoja.

Karibu saa tatu usiku akaingia bibi mmoja mdogo wa umbo, koti la kijani, fimbo mkononi. Nilimfahamu, alikuwa mteja wa mwenzangu, mmoja wa wachache waliobaki kwenye lile kanisa dogo la Kiprotestanti la Kanisa la Ireland, ambalo Jumapili nyingi halifiki watu kumi. Si ukoo wa nyumba kubwa. Ni wa upande ule tu. Mazungumzo hayakukatika, yalishuka kidogo, kama unavyopunguza moto chini ya sufuria. Mpwa, ambaye ni mhasibu wa jijini na hajui lolote, akaangalia huku na huku. Viti vya plastiki havina mikono, bibi wa fimbo angeinukaje? Akamshika kiwiko. "Kaa hapa, hiki ndicho cha kukufaa."

Akakaa. Akaweka fimbo magotini, na mikono yake miwili juu ya ile mikono iliyopinda.

Nikampelekea chai. Mwanamume wa pembeni yake akasema bei ya ndama mwaka huu si mbaya. Bibi akasema ndiyo, ila mbolea imepanda mno. Akanywa, akaniuliza kama nimetia maziwa kwanza au chai kwanza, nikamwambia chai. Akasema ndivyo inavyotakiwa.